Nimeitwa kazini Ahmedabad: joto lile tutaliweza?

SWALI: Daktari, asalaam aleykum. Mimi ni mhandisi wa mitambo, umri miaka 38, nafanya kazi kiwandani hapa Mombasa. Kampuni moja ya dawa ya India imeniandikia mkataba wa miaka miwili katika kiwanda chake cha Sanand, nje kidogo ya Ahmedabad. Nitasimamia boila, kompresa na mitambo ya kupoza. Mshahara ni rupia laki 18 kwa mwaka na wanataka niripoti mwezi wa Aprili. Nina mke, mtoto wa miaka 3, na mama yangu wa miaka 67 mwenye presha ambaye tunakaa naye. Mwenyewe niliwahi kuugua mawe ya figo mara moja. Rafiki mmoja ananiambia joto la kule linaua watu. Mwingine anacheka, anasema mtu wa Mombasa hatishwi na joto. Niende au nisiende?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Naanza na jibu lenyewe kabla ya maelezo, kwa kuwa najua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Nenda, lakini usiende Aprili. Usimchukue mama kwa msimu wa kwanza wa joto. Na usitie sahihi mpaka mwajiri akujibu kwa maandishi maswali mawili: saa nane mchana mwezi wa Mei nitakuwa nimesimama wapi, na saa nane usiku nitakuwa nimelala wapi? Akikataa kuyajibu, baki Mombasa na moyo wako utulie.

Rafiki zako wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mei 2010 Ahmedabad ilifika nyuzi 46.8, na utafiti uliofanywa baadaye ulihesabu vifo 1,344 zaidi ya kawaida katika mwezi huo mmoja. Mei 2016 jiji hilo likagonga nyuzi 48. Kwa hiyo anayesema joto linaua hasemi uongo. Lakini baada ya msiba ule wa 2010 manispaa ya jiji ilikaa na wataalamu wa afya, na mwaka 2013 ikatoa mpango wa kukabiliana na joto, miongoni mwa ya kwanza ya aina yake katika Asia ya Kusini. Siku ikitabiriwa kuvuka nyuzi 41 hutolewa tahadhari ya njano, ikivuka 43 ya chungwa, na ikifika 45 nyekundu. Hospitali hujiandaa, vituo vya maji hufunguliwa, saa za vibarua wa nje husogezwa. Mamilioni ya watu wanaishi pale, wanazaa, wanalea na wanazeeka. Wengi wa wanaokufa ni watu walio mahali pabaya kwa saa mbaya: mzee aliye peke yake chini ya paa la bati, mfanyakazi wa mjengo, mwenye duka la mkokoteni. Ndiyo maana nakuuliza habari ya saa kwanza, nyuzi baadaye.

Sasa huyu anayesema mtu wa Mombasa hatishwi. Joto ulilolizoea wewe ni la Kaskazi: nyuzi 32 au 33, hewa nzito, shati limelowa kabla hujafika kituo cha matatu. Joto la Ahmedabad la Aprili na Mei ni kitu kingine. Wastani wa mchana mwezi wa Mei ni nyuzi 41 hadi 42, na hewa ni kavu. Ngozi yako ina joto la nyuzi 35 hivi. Hewa ikiwa chini ya hapo, mwili hutoa joto lake nje hata bila jasho jingi. Hewa ikipita hapo, mlango huo umefungwa, na joto linaanza kuingia badala ya kutoka. Kinachobaki ni jasho peke yake, na jasho hupoza pale linapokauka.

Hewa kavu hulikausha haraka sana, na hapo ndipo mtu wa pwani anapokosea. Mombasa unajiona umelowa, unajua umepoteza maji, unakunywa. Kule unatoka nje saa saba mchana, unatembea robo saa, na ngozi yako ni kavu kabisa. Unadhani hujatoka jasho. Ukifika ofisini ukavua shati ndipo unapoona mistari myeupe ya chumvi mgongoni na kwapani. Maji yalitoka na yakaenda bila wewe kuyaona. Kiu nayo huchelewa. Nimewaona vijana wenye nguvu zao, wazaliwa wa pwani, wakianguka wiki ya kwanza kwa sababu hiyo, huku wenyeji waliokonda kuliko wao wakiendelea na kazi.

Kuna jambo jingine litakalokusaidia kuuelewa mwaka wa kule, na wewe unalijua tayari bila kujua kuwa unalijua. Upepo wa Kusi unaoanza kuvuma kwetu baada ya Kaskazi kutulia ndio unaokwenda kukunja huko Bahari ya Uarabuni na kuipelekea Gujarat, jimbo lenye jiji la Ahmedabad, mvua zake. Ahmedabad iko karibu na nyuzi 23 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Mei jua liko karibu utosini na ardhi imekauka, ila unyevu wa Kusi haujafika. Hicho ndicho kilele cha joto, pamoja na upepo wa moto wa mchana ambao wenyewe huuita loo. Mvua hufika kwa kawaida nusu ya pili ya Juni. Mchana hushuka hadi nyuzi 32 au 33 na unyevu hupanda, yaani unarudi nyumbani Mombasa, pamoja na mbu wake. Oktoba joto hurudi kidogo. Kisha Novemba hadi Februari ni raha tupu: mchana wa Januari ni nyuzi 28 hivi, usiku wake hushuka hadi 12 au 13, na mama wa pwani atatafuta sweta. Tarehe 14 Januari, sikukuu ya Uttarayan, jiji zima huwa juu ya mapaa likirusha tiara. Kwa hiyo usifikirie miaka miwili ya moto. Fikiria miezi mitatu migumu kwa kila mwaka, na miezi tisa inayovumilika au kupendeza.

Turudi kwenye saa nane mchana. Kiwanda cha dawa kina sehemu mbili ambazo mgeni akitembezwa huonyeshwa moja tu. Ndani, kwenye vyumba vya kutengenezea vidonge, hewa husafishwa, hukaushwa na kupozwa, kwa kawaida chini ya nyuzi 25, kwani dawa nyingi haziwezi joto. Mtu wa shifti ya vidonge huko Sanand anaweza kupitisha Mei nzima akiona baridi. Nje, nyuma ya jengo, ndipo kulipo na kazi yako: chumba cha boila, kompresa, mabomba ya mvuke, minara ya kupoza maji juu ya paa. Hapo panapoza dawa, lakini penyewe hapapozwi. Nje ikiwa nyuzi 43, chumba cha boila chenye bomba la mvuke lililochakaa gamba lake la kuzuia joto kitazidi hapo kwa mbali, na juu yake wewe una ovaroli nzito, helmeti na buti. Ofa yako inasema "kusimamia". Neno hilo linaweza kumaanisha kukaa kwenye chumba cha kuongozea mitambo chenye kiyoyozi na kutoka kukagua kwa dakika kumi. Linaweza pia kumaanisha kushinda humo na spana mkononi kwa sababu fundi hakuja. Tofauti ya hizo mbili kwa mwili wako ni kubwa kuliko tofauti ya Mombasa na Ahmedabad.

Waulize basi. Chumba cha kuongozea mitambo kiko wapi, kina kiyoyozi? Kazi nzito za matengenezo hufanyika mwezi gani na saa ngapi? Kiwanda chenye busara hupanga matengenezo makubwa ya boila msimu wa baridi, na kazi za juu ya paa huzimaliza kabla ya saa tano asubuhi. Waulize pia kama wana kifaa cha WBGT, yaani cha kupima mzigo wa joto kwa mwili, kwenye chumba cha boila. Mhandisi mwenzako wa kule akiwa wa maana, atakijua kifaa hicho: kipimajoto kimoja kimevikwa kitambaa kinachonywa maji, kingine kiko ndani ya tufe jeusi linalopokea joto la mabomba na kuta, na panapopigwa na jua huongezwa cha tatu cha kawaida. Ukichanganya vipimo hivyo unapata namba moja inayoeleza mwili unabeba mzigo gani, jambo ambalo namba ya kwenye simu haiwezi kukuambia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 kinaweka kikomo cha 28 kwa mtu aliyezoea joto anayefanya kazi ya wastani mfululizo, na 26 kwa asiyezoea. Ikizidi hapo kazi haisimami, ila lazima igawanywe na mapumziko mahali penye ubaridi. Kampuni inayokutumia vipimo vya Mei iliyopita ni kampuni ninayoiamini. Inayojibu "usijali, utazoea" haijakujibu.

Kuzoea kwenyewe kupo, tena kuna utaratibu unaojulikana. Mwili hujifunza joto ndani ya wiki moja hadi mbili: jasho huanza mapema zaidi, hutoka jingi zaidi na chumvi yake hupungua, damu huongezeka maji, moyo hupiga kwa utulivu. Lakini hujifunza kwa kufanya kazi ndani ya joto kidogo kidogo. Kukaa hotelini kwenye kiyoyozi siku kumi hakukuzoeshi kitu. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani inashauri mgeni wa kazi ya joto afanye asilimia 20 ya mzigo siku ya kwanza, kisha aongeze si zaidi ya asilimia 20 kila siku. Mazoea yako ya Mombasa yatakusaidia kiasi, hayatatosha peke yake. Na yanapotea: ukija likizo nyumbani wiki tatu halafu ukarudi Mei, unaanza upya, hata kama ni mwaka wako wa pili. Watu wengi huumia hapo, wakijiona wenyeji.

Hii ndiyo sababu naikataa Aprili. Ukifika Aprili unajifunza kazi mpya, watu wapya na lugha mpya huku joto linapanda kila wiki. Omba kuripoti Novemba. Ukifika Novemba unaujua mtambo wako vizuri kabla ya Machi, na mwili unapanda pamoja na msimu. Wakisema lazima Aprili, basi ratiba ya wiki mbili za kuzoea iandikwe kwenye barua ya ajira, isiwe ahadi ya simu.

Sasa figo. Katika barua yako yote, sentensi ile moja ndiyo iliyonisimamisha. Gujarat iko katika ukanda wa India unaojulikana kwa mawe ya figo, na sababu kubwa ni hii hii: watu wanatoka jasho, hawanywi vya kutosha, mkojo unakuwa mzito, chumvi zake zinagandana. Aliyewahi kupata jiwe yuko karibu zaidi na la pili kuliko mtu mwingine, na wewe unakwenda kufanya kazi kando ya boila. Kabla ya kujibu ofa, nenda kwa daktari ufanye mambo matatu: kipimo cha damu cha utendaji wa figo, picha ya ultrasaundi kuona kama kuna jiwe lililobaki, na kama jiwe lile la kwanza lilihifadhiwa au lilipimwa, ujue lilikuwa la aina gani. Figo ikiwa na hitilafu, jibu langu linabadilika na kuwa usiende, angalau si kwa kazi hiyo. Ikiwa nzima, lengo lako ni kukojoa lita mbili na nusu kwa siku. Nasema kukojoa, sisemi kunywa, maana kwenye joto lile unaweza kunywa lita nne, kisha nusu ya maji hayo ikatoka kwa ngozi. Rangi ya mkojo ndiyo mizani yako: ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa.

Utaambiwa na kila mtu uongeze chumvi. Kwa mwenye mawe ya figo, chumvi nyingi huongeza kalisi kwenye mkojo na kulisha jiwe. Chumvi ya chakula cha kawaida itakutosha siku nyingi, na ORS iwe ya siku uliyotoka jasho kweli kweli. Kinywaji chako kule kiwe maji ya ndimu, kwa kuwa tindikali ya ndimu huzuia mawe. Mwambie muuzaji asikutilie ile chumvi nyeusi. Kuna pia chaas, mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa bizari nyembamba, ambao Wagujarati hunywa mchana kama sisi tunavyokunywa chai. Ni kinywaji kizuri. Omba kisichokolea chumvi. Maji ya visima ya eneo lile huwa na chumvichumvi, ndiyo maana nyumba nyingi zina mtambo wa kuchuja jikoni. Hakikisha yako inao.

Saa nane usiku. Swali hili watu hulipuuza, nami nalipa uzito sawa na lile la boila. Mwili uliobeba joto mchana kutwa unahitaji usiku wa kulitua. Wastani wa usiku wa Mei ni nyuzi 27 hivi, lakini hiyo ni hewa ya nje; zege la jengo limekunywa jua kutwa na linalitoa usiku kucha ndani ya chumba chako. Ghorofa ya juu kabisa ndiyo yenye adhabu. Katika hospitali moja ya manispaa ya Ahmedabad wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya juu, na walipoihamishia chini idadi ya watoto wachanga waliolazwa kwa sababu ya joto ilipungua sana. Jiji nalo likaanza kupaka mapaa ya mitaa maskini chokaa nyeupe kurudisha jua lilikotoka. Kwa hiyo kampuni ikikupa nyumba, uliza ni ya ghorofa ya ngapi na chumba cha kulala kinatazama wapi. Kinachotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri mpaka ukuta wa ndani unakuwa wa moto kwa kiganja. Tafuta ghorofa ya kati, inayotazama kaskazini au mashariki, yenye kiyoyozi angalau kwenye chumba kimoja ambacho nyote mnaweza kulala pamoja usiku mbaya. Na kabla ya kukodi, uliza bili ya umeme ya mpangaji aliyepita ya mwezi wa Mei.

Utaona pia kwenye kila roshani sanduku kubwa lenye feni ndani, limezungukwa na mikeka ya nyasi au karatasi nene inayomwagiwa maji na pampu ndogo. Hewa kavu ikipita kwenye mikeka iliyolowa inatoka baridi. Ni rahisi kuliko kiyoyozi na Aprili inafanya kazi vizuri ajabu. Mvua zikianza haikufai tena, hewa imeshashiba maji. Feni ya kawaida ina mpaka wake nayo: chumba kikizidi nyuzi 40, feni inakupulizia moto. Lowesha shati au kanga kwanza, ndipo ukae mbele yake. Na maji ya tangi la juu ya paa huwa ya moto kabisa saa kumi jioni, hivyo jaza ndoo alfajiri kwa ajili ya kumwogesha mtoto jioni.

Mama. Najua unavyoona uzito kumwacha, na najua watu watakavyosema. Lakini mtu wa miaka 67 mwenye presha ni miongoni mwa wanaodhurika zaidi na joto kama lile la 2010. Kiu hupungua na umri, jasho hupungua, na dawa zenyewe zinaweza kumgeuka. Kama anatumia vidonge vya kukojoza, vinamtoa maji na chumvi ambavyo joto nalo linamtoa. Kama anatumia dawa za jamii ya atenolol, moyo wake hautaweza kwenda mbio kupeleka damu kwenye ngozi ili apoe. Asiache dawa hata moja kwa sababu ya maneno yangu. Daktari wake ndiye azipange upya kabla ya safari. Pendekezo langu ni hili: wewe tangulia Novemba peke yako, tafuta nyumba. Mke na mtoto wafuate Desemba au Januari. Mama aje kuwatembelea msimu huo huo wa baridi, akae mpaka mwisho wa Februari, arudi Mombasa kwa dada au mjomba. Mkiuona msimu mmoja wa joto ndani ya nyumba yenu, mtajua wenyewe kama nyumba hiyo inamfaa. Mtoto wa miaka 3 ataweza, mradi asitolewe nje kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni miezi ya Aprili hadi Juni, na asiachwe ndani ya gari hata dakika moja. Anayebaki na mzigo hapo ni mkeo, atakayefungiwa ndani na mtoto miezi mitatu katika mji asioujua lugha yake. Mshirikishe kwenye uamuzi huu kuanzia leo, na yeye ndiye achague nyumba.

Mahali pa kuishi pana jambo jingine ambalo siwezi kukuficha. Majengo mengi ya Ahmedabad hayampangishi anayekula nyama, na mengine hayampangishi Mwislamu, hata kama hakuna atakayekuambia hivyo usoni. Mwafrika huongezewa macho ya watu juu yake. Machi 2024, usiku wa Ramadhani, wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakisali tarawehe kwenye hosteli ya Chuo Kikuu cha Gujarat walivamiwa na kundi la watu na baadhi wakaumizwa. Polisi walikamata watu baadaye. Sikuelezi haya ili uogope. Nakueleza ili kampuni ndiyo ikutafutie nyumba na jina lake liwe kwenye mkataba wa pango, badala ya wewe kuzunguka na dalali. Juhapura na Sarkhej, kusini magharibi mwa jiji, ndiko Waislamu wengi wanakoishi, kuna misikiti na nyama ya halali, na Sarkhej iko upande wa barabara ya kwenda Sanand. Utakutana pia na wema mwingi. Na Ijumaa moja pita katikati ya jiji uuone msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa miaka ya 1570 na mtu mwenye asili ya Uhabeshi, wenye madirisha ya mawe yaliyochongwa kama matawi ya mti. Watu wa kwetu hawakufika kule jana.

Hapo Mombasa penyewe una hazina usiyoitumia: Mabohora, Wakachi na Wagujarati wengine ambao ndugu zao wako Ahmedabad hivi sasa. Mwulize muuza duka wako nyumba ya shangazi yake iko ghorofa ya ngapi na Mei wanalala chumba gani. Utajifunza kuliko kwa mtandao mzima.

Kuhusu pesa na karatasi nitapita haraka. Viza ya ajira ya India huwa na kima cha chini cha mshahara, ambacho kimekuwa rupia laki 16 na 25 elfu kwa mwaka, kwa hiyo laki 18 zako zinavuka, si kwa mbali. Hakikisha ni mshahara wenyewe, isiwe ni jumla iliyotiwa ndani nyumba na tiketi. Uliza kwa maandishi kuhusu mfuko wa akiba ya wafanyakazi, unaokata asilimia 12: wageni wana masharti yao ya kuzitoa pesa hizo, nawe ujue zako utazipata lini. Mkeo akija kwa viza ya mtegemezi hataruhusiwa kuajiriwa, basi pigeni hesabu ya mshahara mmoja. Ukifika jiandikishe uhamiaji ndani ya siku 14. Na omba kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja, tiketi ya kurudi ikiwa juu yao, ikiwa daktari atathibitisha kuwa joto linakudhuru.

Jambo la mwisho lifahamike kwako na kwa mkeo kabla ya ndege kuruka. Mtu aliyekuwa kwenye joto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kuzimia, huyo amepigwa na joto, hata kama bado anatoka jasho. Mpozeni kwanza, kumsafirisha baadaye: mpelekeni kivulini, mvueni ovaroli, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, huku mwingine akipiga 108, namba ya ambulensi ya Gujarat. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui. Uliza siku ya kwanza kazini barafu inahifadhiwa wapi karibu na chumba cha boila. Kama hakuna anayejua, iwe kazi yako ya kwanza kama msimamizi kuiweka, kwani chini yako watakuwako vibarua wasio na mkataba kama wako na wasio na kiyoyozi cha kurudia.

Na chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa unatoka Kenya: ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, nyote mnaosafiri, na kadi msiweke kwenye mizigo. Asiye na kadi hiyo anaweza kuwekwa karantini uwanja wa ndege.